Fremu ya Zamani, Breki Mpya

Mtu anayefufua baiskeli ya zamani huulizwa jambo moja kila anakopita: si ungenunua mpya? Huulizwa nyumbani, huulizwa kijiweni, na hata mwenye duka la spea humwuliza huku akipokea hela yake. Mjini Singida swali hilo halina kejeli. Baiskeli mpya zimepangwa madukani zikiwa bado na nailoni kwenye usukani, na pikipiki ya mkopo haiko mbali na yeyote mwenye mdhamini. Hata hivyo utamkuta mtu mzima, mwenye shughuli zake, ameshinda akitafuta koni ya gurudumu la mbele la baiskeli ya gia iliyoundwa kabla mtoto wake wa kwanza hajazaliwa. Fedha peke yake haielezi jambo hili, maana bei ya spea ikijumlishwa na siku alizozunguka kuzitafuta, pengine hiyo mpya ingekuwa nafuu. Basi anatafuta nini?

Tuiangalie kwanza baiskeli yenyewe. Kwa miongo mingi baiskeli iliyojulikana huku ilikuwa ya mzigo: Phoenix ya China, Avon na Hero za India, Raleigh ya Uingereza kwa waliojaliwa, na Swala iliyoundwa Dar es Salaam na NABICO, kiwanda chetu wenyewe cha baiskeli. Zote zilifanana kama watoto wa mama mmoja: magurudumu makubwa membamba, breki za vyuma, na keria ya kupakia gunia la alizeti au tenga la kuku. Baiskeli ya milima ilikuja baadaye, nyingi zikiwa mtumba, na ilikuja kama mgeni asiyejua kazi za nyumba aliyoingia. Ina tairi pana la inchi 26, gia za mbele na za nyuma, fremu fupi, na hakuna mahali pa kuweka mzigo. Fundi akaizunguka, akaipima kwa macho, akakata nondo na kuichomelea keria. Hapo ndipo mchanganyiko ulipoanzia. Cheni ilipokatika ikaja ya China, pedeli zilipovunjika zikaja za India, siti ikatoka kwenye baiskeli nyingine iliyokwisha kufa, na baada ya miaka kadhaa kikawa chombo ambacho hakuna kiwanda duniani kinachoweza kukidai kuwa ni chake.

Anayeona aibu kwa mchanganyiko huo asikilize habari za Marin, kaskazini ya San Francisco. Katika miaka ya 1970 kulikuwa na vijana waliopenda kuteremka milima ya huko kwa baiskeli. Hakukuwa na baiskeli ya kazi hiyo. Wakaokota fremu nzito za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye matairi manene, wakazifunga gia za baiskeli za safari na mikono ya breki ya pikipiki. Oktoba 1976 walianza kushindana kwenye njia waliyoiita Repack, kwa sababu breki ya kitovu cha nyuma ilichemka mpaka grisi ikaungua, na mtu akifika chini alilazimika kukifungua kitovu na kukijaza grisi upya. Miongoni mwao walikuwamo Charlie Kelly, Gary Fisher na Joe Breeze. Mwaka 1977 Breeze akaunda fremu mpya kwa ajili ya mchezo huo, na mwaka 1979 Fisher na Kelly wakafungua biashara ya kuuza baiskeli zenye fremu zilizoundwa na Tom Ritchey. Viwanda vikubwa vikafuata, na mwaka 1996 mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta. Chimbuko la yote hayo ni makorokoro yaliyookotwa na kuunganishwa na watu wenye spana na muda. Kwa hiyo fundi aliyekaa chini ya mgunga, akifunga mkono wa breki wa Kihindi kwenye fremu ya Kijapani, yuko karibu zaidi na asili ya baiskeli ya milima kuliko muuzaji mwenye kioo na kiyoyozi.

Lakini kuunganisha ni elimu, wala si kubahatisha. Chukua hilo tairi la inchi 26. Dukani kuna tairi lililoandikwa 26 kwa 1.75, na kuna jingine lililoandikwa 26 kwa 1 3/8. Namba ya kwanza ni ileile, ila ringi ya pili ina kipenyo kikubwa kuliko ya kwanza kwa sentimita tatu hivi, na anayelipa haraka hurudi na tairi lisiloingia popote. Halafu kuna ukubwa unaouzwa leo kama jambo jipya, 27.5, ambao kwa ringi yake ni kipimo cha zamani cha Wafaransa kilichovalishwa jina la kisasa. Kuna nguzo ya siti, inayotofautiana na nyingine kwa sehemu ndogo ya milimita, nayo ikicheza fundi hukata kipande cha kopo la soda, akakizungushia, ikatulia. Kuna friwili, ambayo nyuzi zake mara nyingi ni zilezile tangu enzi za babu, kiasi kwamba friwili iliyotoka kiwandani jana hukaza kwenye kitovu cha miaka thelathini iliyopita bila manung'uniko.

Katika mambo haya madogo kuna jambo linalostahili kutafakariwa taratibu. Ukitazama kwa makini utaona kuwa mara nyingi kinachomkaribisha mwenzake ni kile cha zamani. Fremu ya chuma yenye nafasi ya milimita 130 nyuma hutanuliwa kidogo ikapokea kitovu cha 135; fremu ya aluminiamu ukiifanyia hivyo utaipasua. Chuma kikipinda hunyooshwa, kikikatika huchomelewa na mtu yeyote mwenye mashine ya kawaida. Mkono wa gia wa kizamani, ule usio na mlio wa kidato, huvuta waya tu, na mpandaji husikiliza kwa sikio mpaka cheni itulie. Hauulizi gia za nyuma ni tano au nane, wala zimetoka kampuni gani. Mkono wa vidato, ulioenea kuanzia miaka ya 1980, unataka ndugu zake wa ukoo mmoja, kwa idadi kamili, vinginevyo cheni inarukaruka njia nzima. Tumezoea kuambiwa kuwa wazee ndio wagumu na vijana ndio wepesi wa kubadilika. Kwenye gereji mambo ni kinyume, na sidhani kuwa ni kwenye gereji peke yake. Kitu kilichoundwa na watu waliojua kuwa kitaharibika, na kwamba atakayekitengeneza hatakuwa wao, huachiwa nafasi. Je, sisi tunaounda taasisi, nyumba na sheria zetu leo, tunamwachia nafasi hiyo fundi atakayekuja baada yetu?

Niseme kidogo kuhusu mafuta, kwa kuwa Singida bila alizeti si Singida. Mtu ana dumu la mafuta ya alizeti nyumbani, cheni inalia, mkono unaenda wenyewe. Siku za kwanza cheni huwa kimya na mwenye nyumba hujisifu. Kisha mafuta hayo, kwa tabia yake yakikaa hewani, huanza kukauka na kunata. Upepo wa Singida unaleta vumbi lake, na cheni inageuka msasa unaokula meno ya gia. Mafuta mazuri kabisa, ya kujivunia, yenye mahali pake kwenye kikaango.

Kuchukuliana kwa vya zamani na vipya kuna mwisho, na mwisho wake ni breki. Kwenye wilaya ya Iramba, katika barabara kuu iendayo Nzega, kuna mteremko wa mlima Sekenke ambao madereva wa malori wanaujua vizuri. Huko heshima kwa vitu vya kale haimsaidii mtu. Mpira wa breki ukikaa miaka mingi hukakamaa, ukawa kama ukwato, ukiteleza juu ya ringi badala ya kuishika. Waya huoza ndani ya ala yake, mahali jicho lisipofika, uzi mmoja baada ya mwingine. Tena hapa ndipo mchanganyiko usiofikiriwa unapoua. Breki ndefu za mikono miwili, zinazojulikana kama breki za V, zilizoenea kuanzia 1996, huingia bila shida kwenye vishikizo vya fremu ya zamani. Zinahitaji waya uvutwe karibu mara mbili ya zile zilizotangulia. Mkono wa breki wa zamani hauwezi kuvuta kiasi hicho. Ukisimama uani na kuubana, kila kitu kinaonekana sawa. Ukiwa mteremkoni na mtoto kwenye keria, mkono unagusa usukani kabla gurudumu halijasimama.

Huko Ulaya na Marekani wapo wapenzi wa baiskeli za zamani wanaotaka kila skrubu iwe ya mwaka uleule wa fremu, hata raba za breki. Siwacheki, wanatunza kumbukumbu, na baiskeli zao nyingi hutoka siku ya jua na kurudi ndani. Ila mtu ambaye baiskeli yake inapita njia za mchanga zilizojaa mbigili hadi mnadani hana ruhusa hiyo. Kwake fremu inaweza kuwa ya zamani, usukani vilevile, krenki vilevile ikiwa haichezi. Matairi, nyaya na raba za breki lazima viwe vipya, na mkono wa breki uwe wa jamaa ya breki yenyewe. Tofauti kati ya kupenda kitu na kukiabudu huonekana kwenye orodha ya vile ambavyo mtu yuko tayari kuvitupa.

Jambo hili huwa zito zaidi baiskeli ikiwa ya urithi. Shamba hugawanywa, ng'ombe hugawanywa, baiskeli ya marehemu haigawanyiki. Humwangukia mmoja, na mara nyingi hulazwa stoo ikiegemezwa ukutani kwa sababu hakuna anayethubutu kuigusa. Akija kuifufua, ndugu zake watatazama. Akibadilisha matairi watanyamaza. Akibadilisha siti aliyokalia mzee miaka yote, dada mkubwa atauliza ile ya zamani imewekwa wapi. Polisi wataitambua kwa namba iliyogongwa kwenye fremu, na kwao ni ileile hata kama vingine vyote vimebadilika. Kwa watoto wa marehemu utambuzi unakaa mahali pengine, pengine kwenye mkwaruzo, pengine kwenye mlio wa kengele. Nani kati yao yuko sahihi? Na ikiwa kuiacha stoo ndiko kuitunza, mbona chuma huliwa na kutu hata pasipo kuguswa?

Nimesema sana habari za vyuma, lakini anayeamua kipi kibaki na kipi kiende ni mtu. Fundi baiskeli wa kweli hutambulika kwa maneno magumu anayomwambia mteja hata pale mfuko wake mwenyewe ni mwepesi: kwamba kitovu bado kizuri, asipoteze hela, kwamba uma wa mbele una ufa, hata ukipakwa rangi, kwamba hatampa baiskeli yake leo kwa sababu breki hazijampendeza. Maneno hayo yanamnyima kipato cha siku hiyo. Karibu na Nairobi, huko Kikuyu, mwendesha baiskeli David Kinjah amelea vijana kwa miaka mingi kupitia kundi lake la Safari Simbaz, ambako mtoto hujifunza kufungua na kufunga baiskeli pamoja na kuiendesha. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara ya kwanza mwaka 2013, alipita mikononi mwake alipokuwa kijana. Na yule Tom Ritchey aliyeunda fremu za Fisher na Kelly alifika Rwanda mwaka 2005, akawaona watu wakisomba mizigo kwa baiskeli za mbao, akarudi na wazo la baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Mtu aliyesaidia kuanzisha mtindo mzima wa baiskeli alipata la kujifunza kwa watu wa vilimani walioshika shoka na mbao.

Kwetu fundi huyo bado tunamlipa kana kwamba tunamsaidia. Spea tunanunua kwa bei iliyoandikwa, kisha tunapunguza hela ya ufundi, na ushauri tunauchukua bure. Hiyo si haki. Mwenye baiskeli ya zamani iliyolala stoo, Singida, Manyoni, Kiomboi au popote ulipo, itoe kabla mvua za Desemba hazijaanza. Ikague fremu kwenye maungio yote, na ikiwa haina ufa mpelekee fundi. Nunua mwenyewe nyaya, raba za breki na matairi, mapya yote. Uliza kwa nini amekataa alichokikataa, na mlipe ufundi wake kamili siku hiyohiyo.