Petroli kwenye chupa ya maji na kisingizio cha kadari



Ndugu Waislamu, yapo maneno tuliyoyazoea misibani. Mtoto wa miaka miwili amekunywa mafuta ya taa, petroli au thina ya fundi rangi, akafariki. Waombolezaji wanaambizana kuwa ni kadari. Ni kweli, hakuna lililo nje ya kadari ya Mola wetu. Lakini nani aliyetia petroli ile katika chupa ya maji ya kunywa na kuiacha chini ya meza? Swali hilo haliulizwi, kwa kumwonea haya mfiwa.

Sayyidna Umar (r.a.) alipopata habari ya tauni iliyozuka Sham, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Akamjibu kuwa naam, anaikimbia kadari Yake kuelekea kadari Yake nyingine. Huyo ni Khalifa, hakuona kuwa kujikinga kunapunguza imani.

Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliingia mpaka jikoni mwetu. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Jabir (r.a.), aliamrisha vyombo vifunikwe na taa zizimwe usiku, kwa sababu panya huweza kuuburura utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Tazama sababu yenyewe: ni panya! Jambo dogo kiasi hicho lilitolewa amri, sisi tunaliona suala la kifuniko cha dumu kuwa ni la akina mama tu.

Siku hizi gesi na taa za sola zimepunguza mafuta ya taa katika nyumba nyingi za mjini, ila bodaboda imetuletea petroli ndani. Inauzwa barabarani katika chupa za maji, inalala sebuleni. Thina nayo ni nyeupe kama maji. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, anaijua chupa. Muuzaji anayeijaza chupa ile, na mzazi anayeipokea, wote wawili wana sehemu yao. Nunua dumu la mafuta lenye kifuniko kinachokaza, liandike, liweke juu nje ya chumba cha kulala.

Wapo pia wanaofulia madoa kwa petroli huku jiko la mkaa linawaka ukumbini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni bila kuonekana hadi uufikie moto, kisha moto unarudi kwa aliyeshika nguo. Na anayepaka rangi ya mafuta afungue madirisha. Kizunguzungu na kichefuchefu anachokisikia si uchovu, ni thina anayoivuta.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, aliyemuua Muumini kwa kukosea amewekewa kafara na diya. Kukosea hakukuyafuta yote. Je, mwenye kuiacha chupa anaingia humo? Hilo ni la mashekhe wa fikihi kulipambanua kwa kila tukio. Mimi nasema tu kwamba mtu mwenye hofu ya Allah hawezi kulipita swali hilo kwa neno moja la kadari.

Hata baada ya ajali, wengi huzidisha madhara kwa nia njema. Mtoto akinywa mafuta haya, jirani huleta maziwa, mwingine humtia kidole kooni atapike. Visifanywe! Hatari kubwa ya mafuta mepesi ni kuingia mapafuni, na kutapika huyapa njia ya pili ya kufika huko. Maziwa, mafuta ya kula na maji ya chumvi yote huweza kumtapisha. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mpeleke hospitali hapo hapo, hata kama anacheza na kucheka. Kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuja baada ya saa kadhaa. Na ile chupa ichukuliwe pia, daktari aone ni kitu gani alichokunywa.