Sherehe za mavuno Nachingwea na Ruangwa: Furaha ya nani, deni la nani?

KWA Kiarabu neno rabi' ni majira ya machipuko, wakati ardhi inaporudisha uhai wake na watu wakatoka nje kufurahi. Miezi miwili ya kalenda yetu, Rabi'ul Awwal na Rabi'uth Thani, imebeba jina hilo. Lakini miezi hiyo haikai machipukoni. Mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa hiyo kila mwezi huzunguka majira yote katika muda wa miaka kama 33.

Kule Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, sherehe kubwa za jamii hazifuati mwezi. Zinafuata mavuno. Ufuta unapouzwa katikati ya mwaka, mbaazi zikafuata, na korosho zikaingia mnadani kuanzia Oktoba kupitia RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ndipo ngoma zinapolia. Watoto wa kiume wanaingia jandoni, mabinti wanachezwa unyago, wali wanatolewa nje kwa vifijo. Nyingi ya sherehe hizi siku hizi hupangwa wakati wa likizo za shule. Na ndugu zetu walioko Dar es Salaam, kuanzia Mbagala hadi Kariakoo, hupanda mabasi kwenda nyumbani kushiriki.

Suala ninalotaka tulitafakari si kama watu wafurahi au wasifurahi. Suala ni hili: je, jamii ina haki ya kumtaka mtu afurahi kwa kiwango asichokimudu?

Katika mjadala huu tumezoea kusikia kauli mbili. Wapo wanaosema yote hayo ni ujahili, yafutwe. Wapo pia wanaosema mila ni mila, asiguswe mtu. Kauli zote mbili zinakwepa suala lenyewe.

Uislamu haukuja kuua furaha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwa Mama Aisha siku ya Idi, na Abubakar alipowakemea, Mtume (s.a.w.) alimwambia awaache kwa kuwa ni siku ya Idi. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini mwake naye akawatazama. Abdurrahman bin Auf alipooa aliagizwa afanye karamu, japo ya mbuzi mmoja. Tohara nayo imo katika mambo ya fitra. Na wanachuoni wa fiqhi wana kanuni mashuhuri kwamba ada ya watu huzingatiwa katika hukumu, maadamu haipingani na sheria. Kwa hiyo mwenye kufuta kila kitu kwa neno moja anahitaji dalili zaidi ya ukali wa sauti.

Lakini hao wanaosema mila isiguswe, nao wajiulize: ni mila ipi wanayoitetea? Jando la wazee wetu, Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, lilikuwa la kundi. Watoto wa kitongoji waliingia kumbi moja, wakahudumiwa na ngariba mmoja, wakala chakula kimoja na kufundishwa maneno yale yale. Mtoto wa mwenye shamba kubwa na mtoto wa mjane walilala mahali pamoja. Aliye na uzoefu wa Hija atautambua mfano huo: shuka mbili za ihramu hazimtangazi tajiri. Leo tunaona mzazi mmoja akikodi muziki wake na turubai lake, akachinja mbuzi wake na kushona sare za ndugu zake, na jirani yake mwenye mtoto wa umri ule ule akilazimika kufanya kama yeye au zaidi. Huko si kuhifadhi mila. Ni kuyavika mashindano nguo ya mila.

Hapa kuna hoja nzito ya upande wa pili, na haifai kuipita kwa haraka. Mama wa kijijini atasema: "Nyie wa mjini mna harusi za ukumbini, mna mahafali, mna vyeo. Mimi nina siku hii moja tu ya kuheshimiwa na watu. Leo mnaniambia nibane matumizi?" Hoja hii ina ukweli. Ni rahisi mtu mwenye akiba benki kumhubiria akiba asiyekuwa nayo. Heshima ni haja ya binadamu kama chakula, na anayewanyang'anya maskini siku yao ya heshima bila kuwapa badala yake hajawatendea wema.

Lakini tuitazame heshima hiyo inakonunuliwa. Wakulima wa kusini wanaijua kangomba. Mnunuzi wa mlangoni humpa mkulima fedha mapema, pengine mkorosho ungali na maua, au hupima kwa chombo chake mwenyewe nje ya mizani ya ushirika. Mavuno yanapokomaa, korosho zilizo bora si za mkulima tena. Biashara hii imepigwa marufuku na serikali, lakini shida ndiyo inayoilisha, na deni la sherehe ni moja ya milango ya shida hiyo. Mama yule aliyepata siku moja ya heshima, Januari shule zinapofunguliwa anakwenda kuomba daftari na sare kwa jirani. Heshima ya siku moja imelipiwa kwa fedheha ya mwaka mzima. Na tukumbuke Mtume (s.a.w.) alivyolifanya zito jambo la deni, hata ilifika asimswalie mwenyewe maiti aliyekufa na deni mpaka alipopatikana wa kulibeba.

Mavuno nayo hayana ahadi. Nachingwea ni shahidi wa zamani. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, wakajenga na reli kutoka bandari ya Mtwara. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, na reli ikaja kung'olewa baadaye. Ikiwa dola ilikosea hesabu ya shamba, itakuwaje kwa mkulima wa ekari chache? Hata jana tu, msimu wa 2018, wanunuzi walipotaka bei ya chini na serikali ikaamua mnamo Novemba kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ulichukua muda, na wapo waliosubiri malipo yao hadi mwaka uliofuata. Aliyekuwa ameshakopa kwa ajili ya ngoma alisubiri na mdai wake mlangoni.

Sasa turudi kwenye mwezi. Qur'an (9:37) imekataza nasii, ile desturi ya Waarabu ya kuichezea miezi. Wafasiri wameieleza kwa namna mbili: kuahirisha miezi mitukufu, au kuongeza mwezi ili ibada ibaki kwenye msimu unaowafaa. Vyovyote iwavyo, matokeo yake ni kwamba Idi zetu hazichagui msimu. Zinakuja wakati ghala limejaa, na zinakuja wakati wa njaa. Nionavyo mimi, pana hekima kubwa hapo. Sikukuu inayoweza kukukuta huna kitu haiwezi kuwa na kiingilio kikubwa. Ndiyo maana zakatul fitri hutolewa kabla ya swala, ili asiye nacho aianze siku akiwa amekula. Lakini sherehe inayongoja mavuno hupima kila mtu kwa siku aliyo nacho, na humwaibisha ambaye shamba lake halikuzaa.

Simaanishi kwamba sherehe za mavuno zihamishwe. Namaanisha zifuate roho ile ya Idi. Na mwongozo upo: aya ya 141 ya Suratul An'aam inaruhusu kula matunda yanapozaa, ikaamrisha kutoa haki yake siku ya kuvuna, kisha ikakataza israfu. Mambo hayo matatu yamewekwa mahali pamoja. Ni kweli wanachuoni wamekhitilafiana kuhusu zaka ya zao kama korosho. Kwa Imamu Abu Hanifa kila kinachooteshwa na ardhi kina zaka, na kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu, ni vyakula vya kutegemewa vinavyohifadhika. Lakini khitilafu hiyo haimzuii mtu kutoa sadaka, wala haimhalalishii israfu.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekeza wasomaji wa mjini, maana ndio tunaopandisha kiwango. Tunashuka kwenye basi na simu mpya na kitita cha kutunza. Tunarusha noti mbele ya watu, na sehemu nyingi kila kinachotunzwa huandikwa ili siku moja kirudishwe. Kwetu ni furaha ya wikiendi, lakini yule anayebaki kijijini amewekewa deni. Mtume (s.a.w.) alisema chakula kiovu zaidi ni cha karamu wanayoalikwa matajiri na kuachwa mafukara. Je, sherehe ambayo fukara anaalikwa lakini anatakiwa ashindane ni bora zaidi ya hiyo?

Tuanze na yanayowezekana. Kamati za misikiti na wazee wa vijiji warudishe jando la pamoja, kumbi moja na karamu moja. Ngariba awe mtaalamu wa afya au asimamiwe na mtaalamu. Walimu wa madrasa wakae na makungwi wapange mafunzo ya twahara, adabu na stara yanayolingana na umri wa mtoto, na yasiyofaa yaachwe. Na kile ulichokusudia kukitunza hadharani, mpe mama mkononi kwa siri kabla ya sherehe, umwambie ni cha ada na daftari. Hapo ngoma italia, mtoto atashangiliwa, na Januari mama yake atapita mbele za watu bila kuinamisha kichwa.

Wallahu a'lam.