Maji Yanayochacha

Mwezi wa Juni ukiingia, ngozi ya mtu wa Wanging'ombe huanza kujua kabla hajatazama kalenda. Unaamka umande umeganda juu ya majani ya viazi, upepo unashuka kutoka milima ya Kipengere, na mashavu ya watoto wanaokwenda shule yanapauka, kisha yanachanika vistari vyembamba. Siku hizi tunapaka mafuta ya mgando. Bibi yangu alikuwa na mafuta ya nyonyo, na aliyapaka kwa kidole gumba, taratibu, kutoka puani kuelekea sikioni. Ukiharakisha alikushika mkono. Uso hausuguliwi kama sufuria, alisema.

Maneno hayo niliyasahau nilipokuwa nafanya kazi Makambako. Pale ndipo barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapoachana na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake, kwa hiyo kila kitu hupita: mbao na mahindi vinatoka, nguo na vipodozi vinaingia. Siku moja niliuziwa kikopo cha mkorogo wa kung'arisha ngozi, kisicho na lebo. "Dada, wiki moja tu, hata mama mkwe hatakujua," muuzaji aliniambia, nami nikaona hiyo ni sifa. Wiki ya kwanza niling'aa kweli. Ya tatu sikuweza kusimama juani. Uso uliwaka kama umemwagiwa pilipili. Nilirudi nyumbani nimejifunga mtandio hadi machoni. Shangazi alinipokea mlangoni, akaushusha mtandio kwa vidole viwili, akanitazama kwa muda.

"Kamwene, mwanangu. Uso wako ulikukosea nini?"

Sikuwa na jibu, na miaka yote hii bado ninalitafuta. Mkorogo ni adhabu tunayoupa uso ambao haukutenda kosa. Serikali ilishapiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko kwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Sababu zipo. Zebaki haiishii usoni: hupenya ngozi, huumiza figo na mishipa ya fahamu, na mjamzito huweza kumfikishia mtoto aliye tumboni. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu bila daktari inaweza kuacha weusi wa mabaka palepale mtu alipotaka weupe.

Shangazi hakunipa dawa. Alinipeleka kwanza hospitali, na ngozi ilipopona, baada ya miezi, ndipo akanionyesha waridi lake lililoota ubavuni mwa jiko. Hapo nilijifunza kutengeneza tona, yale maji ya kupitisha usoni ukishanawa, kabla ya mafuta.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Liwe waridi ambalo halijapuliziwa dawa ya wadudu, maana dawa hiyo haiondoki yote kwa kusuuza. Petali za kujaza kikombe kimoja zinatosha vikombe viwili vya maji. Maji yachemke, yaipuliwe, ndipo petali ziingie, na sufuria ifunikwe ili harufu isikimbie na mvuke. Kaa nusu saa bila kufunua. Ukifunua utakuta petali zimepauka, zimelegea kama karatasi iliyolowa, na maji yameichukua rangi yao. Yakipoa, chuja kwa kitambaa safi cha pamba, mimina katika chupa iliyochemshwa, weka kwenye friji. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri hadi kesho yake. Pakiwasha, acha.

Wengi hupenda kukamulia limau humo. Usifanye hivyo. Limau ni kali kwa uso, na ngozi yenye majimaji yake ikipigwa na jua huweza kuungua na kubaki na madoa.

Wala nisikudanganye: maji haya hayang'arishi na hayaondoi chunusi. Yanapoza, yananukia, yanaacha ngozi na unyevu kidogo ambao mafuta yanaufungia ndani. Ni hayo tu. Waswahili wa pwani wana marashi ya waridi toka zamani, na huko Oman, kwenye Jabal Akhdar, mlima wenye mashamba ya waridi karibu mita 2,000 juu ya bahari, watu huchuma kila mwaka kati ya Machi na Mei na kukeneka kwa vyungu juu ya moto. Ya kwetu hayakenekwi. Ni maji yaliyolowekewa maua, kama chai, na kama chai hayakai.

Kukaa kwake kufupi ndiko nilikokuja kukupenda. Kile kikopo cha Makambako kilikaa kibandani kwenye joto, sijui miezi mingapi, na hakikubadilika hata harufu. Zamani ningesema hiyo ndiyo bidhaa imara. Maji ya waridi, siku ya sita au ya saba, yana ukungu na uchachu. Nami siyangoji yafike huko, kwa kuwa vijidudu hutangulia kabla pua haijasikia. Siku ya tano ninamwaga. Kila wiki, basi, ninarudi kwenye mti, ninachagua maua, ninachemsha, ninangoja nusu saa. Mikono ikishazoea kungoja hivyo, haiupigi tena uso vita.

Binti yangu ana miaka kumi na minne na ameanza kujitazama sana kwenye kioo. Jumamosi tunachuma pamoja. Ninamwachia yeye ashike chujio, na ninapomwona anasugua uso, ninamshika mkono.

Nawe ukitengeneza, andika tarehe juu ya chupa, na siku ya tano ikifika, yamwage shinani pa waridi.