Macho Yalipotiwa Pazia

Wahenga walisema macho hayana pazia. Jicho likifunguka huona kilicho mbele yake, na lenyewe halina pa kujificha, kwani aliye mbele yake hujua linatazama wapi. Leo hekima hiyo imepata mpinzani, naye hakutoka katika vitabu vya falsafa. Ametoka katika programu za mikutano ya video, ambazo kila zikifanyiwa mabadiliko huja na jambo ambalo jana halikuwapo.

Si kila lililo jipya humo ni la kulaumiwa. Mengine ni ada kongwe zilizovaa nguo mpya. Mwaka 2020, mikutano ya Zoom ilipovamiwa na watu wasioalikwa, wenye programu hiyo walitia mkazo katika chumba cha kungojea: ajaye hukaa nje mpaka mwenye mkutano amkaribishe. Hiyo ni hodi. Kadhalika ule ukungu unaofunika kilicho nyuma ya msemaji, ambao Microsoft Teams ilikuwa nao tangu 2018. Waliojenga nyumba za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja walikwishalifikiria jambo hilo, wakaweka daka na baraza ili mgeni apokewe kwa heshima bila ya kuyaona ya ndani. Mwenye kukificha chumba chake hamdanganyi mtu. Amejisitiri tu, na kila atazamaye hujua kuwa kuna kitu kimesitiriwa.

Hata kule kulainisha uso kuna mtetezi wake. Wanja ni mkongwe kuliko kamera, na hapana aliyemwita muongo bibi harusi kwa kupaka wanja. Lakini wanja hulipamba jicho. Hausemi jicho linatazama wapi.

Hapo ndipo penye tatizo. Kamera hukaa pembeni mwa kioo, kwa hiyo anayeutazama uso wa mwenzake kiooni huonekana ameinamisha macho. Apple mwaka 2020, katika FaceTime, na NVIDIA mwaka 2023, walileta dawa: programu huyachora upya macho ya msemaji yakaonekana yanamwelekea mwenzake. Nia ya asili ni njema, kwani huirekebisha kasoro ya chombo. Ila dawa hiyo haijui kwa nini jicho limeondoka. Aliyeinamisha macho kwa kumtazama mwenzake na aliyeyahamisha kwa kusoma waraka mwingine huweza kupewa mtazamo ule ule.

Na achukuliwe mama aliyeko kisiwani, anayemweleza mwanawe aliyeko London habari za maradhi yake. Macho ya mwana yamemkazia mama, hayapepesi. Kumbe mwana anasoma barua za kazini. Mama hakulijua hilo, akalala usiku ule moyo wake umetulia. Je, amedhulumiwa?

Wako watakaosema la. Dhuluma isiyoumiza ni dhuluma gani? Alichokitaka mama ni faraja, na faraja ameipata. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau kwamba mama hakutaka faraja tu. Alimtaka mwanawe. Alichopewa ni zawadi isiyokuwa na mtoaji, na kutojua kwake hakuifanyi zawadi hiyo kuwa imetolewa.

Tena aliyepata hasara si mama peke yake. Uso umeumbwa na haya, na haya hiyo inatokana na kuonekana. Jicho la mwana linapotangatanga, mama hukatiza maneno yake akauliza, “Unanisikiliza, mwanangu?” Naye mwana hushtuka, hutahayari, hurudi. Jicho linalomsaliti mwenye nalo humfanyia hisani, kwani humpa nafasi ya kuitwa arudi. Likitiwa pazia, hapana atakayemwita.

Haifuati kwamba kila mtu akaziwe macho kutwa. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza kuwa kutazamana kwa karibu mno, tena bila ya kupumzika, ni miongoni mwa sababu za uchovu wa mikutano hii. Macho yana haki ya kupumzika. Lakini kuizima kamera ni pumziko lililo wazi. Kuacha macho ya kuchorwa yakeshe badala yako ni jambo jingine.

Mpaka uliopo baina ya mambo haya ni tangazo. Mei 2025 Eric Yuan, mkuu wa Zoom, alitumia sura yake iliyotengenezwa na kompyuta kutoa maelezo ya hesabu za robo mwaka, na waliosikiliza waliarifiwa. Mtu anaweza kuchukia tendo hilo, lakini hawezi kuliita hadaa. Hata katika ndoa wakili hukubaliwa, kwa kuwa hutajwa mbele ya watu kuwa ni wakili. Angekaa kimya akajifanya ndiye bwana harusi, asingesamehewa.

Basi mwana wa London hakulazimika kuchagua baina ya kazi yake na uongo. Angeweza kusema, “Niwie radhi, mama, nimeshikika, nitakupigia usiku.” Mama angenung’unika kidogo, kisha angengoja. Na usiku ule angemwona mwanawe akiwa ameinamisha macho, kwa ile kasoro ya kamera, naye angejua kuwa anatazamwa.