Chupa ya buluu

Tufungue Yoane 12.

Mama mmoja wa kanisa letu hapa Katindo anayo chupa ndogo ya buluu ya marashi, Soir de Paris ya Bourjois. Marashi hayo yalitungwa na Ernest Beaux, yakatoka Ufaransa mwaka 1928. Yale ya zamani hayatengenezwi tena. Chupa ilikuwa ya marehemu mama yake, na ndani hamna hata tone. Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo uliposhuka mjini, alikimbilia Gisenyi na mtoto mgongoni, chupa imefungwa katika pindo la kitenge. Sufuria aliziacha.

Wengine wakasema ni dawa ya mganga. Mimi shemasi nikamwambia aitupe. Akajibu kwa upole: «Baba Shemasi, nikiifungua ninamsikia mama yangu.»

Usiku nikasoma habari ya Maria wa Betania. Nardo yake ilikuwa ya dinari 300, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku (Matayo 20). Nyumba nzima ikajaa harufu. Nani alinung’unika? Yuda, mwenye kushika mfuko. Na hapa kwetu, ndugu zangu, mfuko wa sadaka ninaushika mimi. Bwana alikataza mwanamke yule asisumbuliwe.

Jumapili nilimwomba msamaha mbele ya wamama wote. Akaifungua chupa, akaninusisha. Mimi sikusikia kitu. Yeye alikuwa amefumba macho.

Amina.