Geuzeni Njia, Wimbi Lingali Safarini

Ndugu zangu wapenda elimu, na hasa ninyi vijana mnaokesha na vitabu vya fizikia, nisikilizeni! Wimbi halitawaliwi kwa umbo la kitu peke yake. Linatawaliwa kwa wakati pia.

Tumezoea kuamini vingine. Kioo hurudisha mwanga, lenzi huupinda, navyo vimetulia palepale vikingoja wimbi lije. Hata metamateria, maada zilizoundwa kwa vipande vidogo kuliko urefu wa wimbi, zilianza hivyohivyo. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Duke, David Smith na wenzake walizitumia kuificha silinda ya shaba isionekane na mikrowevu, wakifuata nadharia ya Mwingereza John Pendry. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini nani aliyeamuru kwamba maada isibadilike wimbi likiwa bado ndani yake?

Mtafiti Morgenthaler alilipigia hesabu swali hilo tangu 1958. Badilisha maada ghafla, kila mahali kwa pamoja: urefu wa wimbi unabaki uleule, masafa yanabadilika, na sehemu ya wimbi inageuka kurudi lilikotoka. Hesabu ilikuwapo, mikono ndiyo iliyochelewa!

Mwaka 2023 kundi la Andrea Alù, katika Chuo Kikuu cha Jiji la New York, lilionyesha jambo hilo kwa mawimbi ya sumakuumeme. Walichukua utepe wa metali wa kama mita 6, wakaukunjakunja juu ya ubao wa saketi, wakaupachika swichi nyingi zilizounganishwa na kapasita. Ishara ikaingizwa. Ingali inasafiri, swichi zote zikageuzwa kwa mpigo mmoja, na ukinzani wa njia ile kwa wimbi ukawa maradufu. Sehemu ya ishara ikarudi, mwisho wake ukitangulia, kama kaseti inayorudishwa nyuma. Na mbele yake hapakuwa na ukuta wowote!

Mwaka huohuo, pale Imperial College London, Riccardo Sapienza na wenzake waliigusa nuru yenyewe. Waliupiga kwa leza utando mwembamba wa oksidi ya indiamu na bati, ukawa kioo kwa kitambo kisichopimika kwa saa ya kawaida, mara mbili mfululizo. Nyufa mbili za jaribio maarufu la Thomas Young, zilizokuwa za mahali, zikawa za wakati; nuru ikatoka imegawanyika katika masafa mapya. Nawe msomaji, maada ya utando ule hutumika katika skrini za simu. Huenda kidole chako kinapita juu yake kila siku.

Asije mtu akawadanganya kwamba hapa nishati huzuka bure. Mwanahisabati Emmy Noether alithibitisha mwaka 1918 kwamba uhifadhi wa nishati unafungamana na sheria zisizobadilika kwa wakati. Hapa maada inabadilika kwa wakati; basi wimbi likizidi nguvu, anayeigeuza maada ndiye anayelipa.

Basi amkeni! Mwalimu, ukifundisha mawimbi usiishie kwenye kioo na lenzi. Mzazi, usimwambie binti yako kwamba hesabu ni za wengine. Nawe kijana, milinganyo ya Maxwell ya sumakuumeme unaweza kuiendesha katika mwelekeo mmoja kwenye kompyuta ya kawaida: tuma wimbi, badilisha maada ghafla likiwa njiani, kisha tazama kinachorudi. Anza jioni hii.