Rekodi ya Tamasha na Suala la Ukweli

Iwapo rekodi ya tamasha yaweza kuitwa ya kweli baada ya kurekebishwa studioni si swali la ufundi wa sauti pekee. Ni swali la uadilifu. Mnamo 1970, kundi la roki la The Who lilirekodi utendaji wake katika Chuo Kikuu cha Leeds, na lebo ya santuri ikatahadharisha kuwa mikwaruzo isikikayo isisahihishwe. Kwa upande mwingine, sehemu ya uimbaji katika Europe '72 ya Grateful Dead ilirekodiwa upya studioni. Kuhusu Live and Dangerous (1978) ya Thin Lizzy, mtayarishaji Tony Visconti alidai kuwa takriban asilimia 75 ilitoka studioni. Wanakundi wakalipinga dai hilo.

Je, shabiki aliyeienzi santuri hiyo alidanganywa? Mtafiti wa fasihi simulizi analifahamu tatizo hili: anayenakili ngano na kufuta kusitasita kwa fanani huhifadhi hadithi, ila hupoteza tukio. Hata hivyo, kusahihisha peke yake si kosa. Kosa ni kuficha. Shabiki hanunui nyimbo tu, kwani aghalabu anazo tayari. Hununua ushahidi kwamba usiku fulani, mbele ya hadhira fulani, lilitendeka jambo lisiloweza kurudiwa. Rekodi iliyorekebishwa kwa siri yaweza kubaki sanaa, na hata sanaa bora; haiwezi kubaki ushahidi.